Kabla Hujayatia Sufuriani: Majibu Kuhusu Chai ya Majani ya Porini

Tangu baridi ya Julai iingie, maswali mengi yaliyonifikia yamekuwa ya jambo moja: watu wa Nairobi wanachuma majani wenyewe, wanayachemsha na kuyanywa badala ya majani chai ya dukani, au pamoja nayo. Sina ugomvi na zoea hilo, kwa kuwa nililelewa nalo. Lakini nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mwalimu wa baiolojia hawezi kumwona mtu akinywa mmea asioujua, kisha akanyamaza.

Mwalimu, kila asubuhi mimi hutembea kando ya Mto Nairobi, si mbali na Korogocho, na huko kishona nguo na thabai vimestawi kuliko vile vya ushago. Nikiviosha vizuri kwa maji ya chumvi, naweza kuvitumia kwa chai? (Msomaji wa Kariobangi)

Hapana, ndugu yangu, na chumvi haitakusaidia. Huko kustawi kwenyewe ndiko kunakonitia shaka, kwa maana thabai, ule mmea wa majani yanayowasha, hupenda udongo ulioshiba naitrojeni, na kando ya mto wetu naitrojeni hiyo hutoka kwenye maji taka. Kuosha huondoa vumbi na baadhi ya vijidudu vilivyo juu ya jani, na kuchemsha huua vijidudu vingi vilivyosalia. Lakini madini ambayo mzizi umeyafyonza yamo ndani ya jani lenyewe, na hayaogopi maji wala moto. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora, lililo jirani na hapo unapotembea, baada ya kupima udongo na kuwachunguza watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu nalo. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi haiozi. Hata ile iliyotoka kwenye moshi wa magari kabla ya Kenya kuacha petroli yenye risasi, mwanzoni mwa 2006, haijaondoka kwenye udongo wa kandokando ya barabara kuu. Kishona nguo nacho kina tabia yake: watafiti wamekiona kikivuta kadimiamu, madini mengine yenye sumu, kutoka ardhini na kuirundika katika majani kwa wingi usio wa kawaida.

Kwa hiyo mimi sichumi kando ya barabara, wala ya reli, wala chini ya jaa, wala mahali ambapo nyasi zimekauka ghafla katikati ya msimu wa mvua, kwa kuwa hapo mtu amepita na dawa ya kuua magugu. Huchuma katika shamba la mtu ninayemfahamu, ambaye anaweza kuniambia lilinyunyiziwa nini mwaka huu na mwaka jana.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Ukichuma, chuma shina moja moja, usikate kwa konzi. Kwenye viwanja vilivyoachwa humu jijini, kishona nguo humea bega kwa bega na mnanaha, ule mmea wenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda la miiba lililojaa mbegu nyeusi. Majani yake machache au mbegu zake zikiingia sufuriani hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, huupeleka moyo mbio na kumfanya mtu aone yasiyokuwapo. Mwaka 2019, nchini Uganda, sumu ya mmea huo iliingia katika unga wa msaada wa chakula. Mamia ya watu wakaugua na watano wakafariki. Ule ulikuwa unga uliotoka kiwandani, sembuse kikapu chako.

Shikamoo Mwalimu. Kuna mzee anayetuletea mizizi ya mukawa hapa Pumwani, nasi huichemsha kwa chai na supu kwa ajili ya maumivu ya viungo. Jirani ameniambia kuna mti wa sumu unaofanana nao. Ni kweli, au ni vitisho tu? (Mama Z., Pumwani)

Marahaba, mama. Jirani yako amesema kweli, na ningependa asikike mtaa mzima. Mti huo Waswahili huuita msunguti, Wakikuyu muricu, na wanasayansi *Acokanthera*. Yeye na mukawa ni wa ukoo mmoja: majani magumu yanayong'aa na kukaa mawili mawili yakikabiliana, utomvu mweupe ukivunja kijiti, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu tamu, na matunda yanayoiva yakawa ya zambarau iliyokolea. Niliwahi kuweka matawi mawili mezani mbele ya kidato cha tatu, nikauliza lipi ni lipi. Darasa zima lilitazama, likabishana, likapiga kura, na wengi wakakosea. Msichana mmoja kutoka Kajiado hakutazama kabisa. Alifumba macho, akapitisha vidole kwenye tawi la kwanza hadi ncha, kisha kwenye la pili, akarudisha mkono upesi na kunyonya kidole kilichochomwa. "Huu ndio olamuriaki," alisema, yaani mukawa kwa Kimaasai. Mukawa una miiba mirefu, migumu. Msunguti hauna mwiba hata mmoja.

Tatizo lako wewe ni kwamba mzizi uliokatwa vipande na kutiwa gunia hauna mwiba wa kupapasa. Usidhani pia kwamba moto utaipunguza sumu hiyo, maana wawindaji wa zamani walipotaka sumu ya mishale walichemsha mbao na gome la msunguti kwa saa nyingi, hadi maji yakawa mazito kama lami. Kuchemsha ndiko kulikoikoleza. Sumu yenyewe hushika moyo. (Yuko panya mmoja katika misitu yetu ambaye hutafuna gome hilo na kujipaka mate yake manyoyani, na mbwa akimuuma aweza kufa, yeye panya hadhuriki. Sisi si panya huyo.) Mwombe mzee, kwa heshima yake, akupeleke au akuletee tawi lenye miiba lililotoka kwenye kichaka kile kile alichochimba. Mchimbaji anayeijua kazi yake hatachukizwa na ombi hilo. Akichukizwa, acha kununua.

Je, programu ya simu inayotambua mimea kwa picha inatosha? (Kijana wa South B)

Inatosha kukupa jina la kuanzia uchunguzi, haitoshi kukupa kikombe. Picha haina harufu, haina utomvu, haionyeshi kama shina ni la duara au la pembe nne, na programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa mimea ya Ulaya na Marekani kuliko ya kwetu. Chukua tawi lenye majani, ua na tunda kama vipo, libane kati ya kurasa za gazeti, andika ulipolitoa na tarehe, kisha lipeleke Herbariamu ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyo katika Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill. Ni watu ambao kazi yao ni hiyo.

Mwalimu, kwetu Kiambu nyanya alitupa chai ya muthiriti kila tulipokohoa. Nimeona kichaka kama hicho kwenye ua wa nyumba tunayopanga Kahawa West. Nichume? (Wanjiru)

Ngoja kwanza, Wanjiru. Nina wasiwasi kwamba ulichokiona kwenye ua ni lantana, ambayo imetapakaa Nairobi nzima na ambayo ni binamu wa karibu wa muthiriti. Majani ya yote mawili yanakwaruza na kunukia ukiyafikicha. Tazama maua: ya muthiriti ni madogo mno, meupe au ya maziwa, yamekusanyika katika vichwa visivyozidi sana ukubwa wa punje ya njegere, ya lantana ni makubwa zaidi, na mara nyingi rangi huchanganyika katika kichwa kimoja, manjano katikati na waridi au wekundu pembeni. Lantana huzaa vitunda vya kijani vinavyogeuka vyeusi, na shina lake huwa na vimiiba. Ng'ombe wanaokula lantana huharibika ini na ngozi yao hubabuka juani. Kama kichaka hakijachanua, subiri kichanue. Kikohozi hakitakosa chai ya tangawizi kwa sasa.

Kuna ubaya gani nikichuma majani machache katika Msitu wa Karura? (J.M., Parklands)

Ni kosa kisheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu bila kibali, na dawa za mitishamba zimetajwa humo miongoni mwa haki ambazo jumuiya za misitu zilizosajiliwa zinaweza kupewa kwa makubaliano, si miongoni mwa vitu vya kila mpita njia. Mimi nina sababu nyingine. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea msitu huo usigawanywe viwanja. Majani machache yako, mara idadi ya watu wanaoingia pale Jumapili moja, si machache tena. Wanaouza gome la muthiga, mti wa dawa, nao wanajua ninachosema: mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa umesimama, ilhali majani yake yana ukali ule ule wa pilipili.

Mama yangu ana kisukari na presha, na anatumia dawa za hospitali. Mke wangu ni mjamzito. Chai hizi zinawafaa? (Baba wa Umoja)

Kwa mama, fikiri hivi. Ama majani hayo hayashushi sukari, na hapo anajisumbua bure. Ama yanaishusha kweli, na hapo anaongeza juu ya vidonge vyake dozi ambayo hakuna aliyeipima, kwa sababu nguvu ya jani hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa muda uliochemsha. Hili la pili ndilo linalomwangusha mtu bafuni saa kumi alfajiri. Kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, thabai ina vitamini K kwa wingi na inaweza kuivuruga dawa hiyo. Amwambie daktari anakunywa nini, alitajie jina, na asione haya. Wazee wetu wengi huficha mitishamba kliniki kwa kuogopa kukemewa, na daktari naye hubaki akishangaa vipimo.

Kwa mke wako jibu langu ni fupi: wakati wa ujauzito asinywe mmea wowote wa porini ambao si chakula cha kawaida nyumbani, na mwarobaini hasa aukwepe. Mtoto naye, hadi atimize miezi sita, hahitaji kijiko cha chai yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Nilipokuwa nikijibu barua hii nilikumbuka mabaki (kwa Kiingereza comfrey), yale majani mapana yenye manyoya tunayolisha sungura na kuku. Watu wameanza kuyanywa. Yana sumu inayoharibu mishipa midogo ya ini polepole, wala kukausha na kuchemsha hakuiondoi. Waachieni sungura.

Nikitoka Kisumu na homa, chai ya pakanga inatosha? (O., Kayole)

Haitoshi. Nenda ukapimwe damu leo. Pakanga ya kwetu ni *Artemisia afra*, ambayo haina artemisinini, kiini cha dawa za malaria, ya kutegemewa; iliyo nayo ni *Artemisia annua*, na hata hiyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono itumiwe kama chai kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa hakitabiriki na vimelea vinavyosalia hujifunza kuishi nayo. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, alifaulu baada ya kugundua kwamba moto uliharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika cha maabara, katika joto la chini. Sufuria yako haina etha.

Thabai yangu huota ukungu kila nikiianika. Ninakosea wapi? (Mama Njeri, Ruaka)

Unaanika Julai, mama, na jua la Julai la Ruaka unalijua. Chuma vichipukizi vya juu kabla mmea haujachanua, ukiwa umevaa glavu, saa nne hivi umande ukishakauka. Majani yaliyozeeka hujaa vichembe vya chokaa vinavyoweza kusumbua njia ya mkojo. Tandaza tabaka moja tu juu ya wavu, ndani ya nyumba penye upepo, mbali na moshi wa jiko na mbali na dirisha la barabarani. Jani likivunjika kwa mlio ukilikunja, limekauka. Likipinda, bado. Likiwa na madoa ya kijivu au harufu ya gunia lililolowa, litupe lote, usichague yaliyo mazuri, kwa kuwa ukungu unaouona si wote uliopo.

Na mtu akishakunywa, kisha akaanza kuona mambo hayaendi sawa? (Msomaji, hakutaja mtaa)

Asitapishwe kwa nguvu, asipewe maziwa wala mafuta ya kupikia kwa imani kwamba yanakata sumu. Piga 999 au 112, au mkimbize hospitali iliyo karibu, hata kama hali inaonekana kutulia, kwa maana sumu ya moyo huweza kutulia kabla ya kuangusha. Nyumbani usioshe sufuria. Mimina majani yaliyobaki katika mfuko wa plastiki, tia na yale mabichi kama yapo, andika saa aliyokunywa na vikombe vingapi, na umpe daktari vyote hivyo mkononi.