Kijana mpe maiki, lakini mpe na tarehe

Mwaka wa kwanza niliposema nataka vijana wa mtaa wetu wasikike nilifanya makosa mawili na nayaanika hapa ili wewe usiyarudie. Nilikodi matatu, nikajaza vijana 14 kutoka huku kwetu Eastlands, Nairobi, tukaenda kwa mkutano wa kuchukua maoni ya bajeti ya kaunti. Kufika pale maiki ikashikwa na nani? Mimi, mzee mzima. Nikaongea weee, "vijana wetu wanaumia, mtuangalie", watu wakapiga makofi, tukanywa soda tukarudi. Na huo ulikuwa mwezi wa sita! Bajeti inafaa kupitishwa kabla ya 30 Juni, yaani chakula kishapakuliwa ndio sisi tunaingia kuuliza mnapika nini.

Baadaye nikakaa chini nikasoma ile sheria ya fedha za umma ya 2012, kumbe kaunti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, ile karatasi ya mkakati wa fedha (inayosema pesa zitaelekezwa wapi) 28 Februari, makadirio yenyewe ya bajeti 30 Aprili. Ukipeleka vijana Juni umewapeleka kutembea tu.

Awamu iliyofuata tukaanza mapema na mimi nikanyamaza. Kulikuwa na msichana mmoja mpole sana, hata kwa kikundi haongei, lakini ile njia ya kwenda kwa kioski ya maji anaijua kuliko sisi wote juu huwa anachota saa 11 asubuhi kabla maji yapotee, giza totoro. Yeye na wenzake wakazunguka usiku tatu wakahesabu nguzo za taa, 11, zinazowaka 4. Wakaandika ukurasa mmoja na ramani ya kuchora na biro (wazo la ramani tuliwaiga vijana wa Kibera, wao 2009 walizunguka na GPS wakachora mtaa wao wenyewe). Siku ya mkutano akasoma na Sheng yake, kuna mwalimu alitaka amrekebishe nikamwambia aachane naye, huyu akianza kutafuta ngeli hatafungua mdomo tena. Dakika mbili hivi. Karani akamuuliza hizo nguzo ziko upande gani wa mto. Mimi na hotuba zangu zote sijawahi kuulizwa swali hata moja.

Lakini usiishie kwa maiki. Ule ukurasa wa vijana peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo, maneno ya mdomo hupotea hapo hapo ukumbini. Kaunti ikinyamaza andika barua ya kuomba habari, sheria iko tangu 2016 na wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Sisi tuliwekewa taa tatu, zingine bado tunasukumana nazo.

Na usimkasirikie kijana akikosa mkutano, wengine wako mjengo na siku moja bila kibarua ni nyumba kulala njaa, kwa hivyo kutaneni Jumapili jioni na nauli itoke kwako. Agosti shule zinafungwa, vijana wako mtaani na hiyo 1 Septemba iko karibu, huo ndio wakati wa kuzunguka na daftari.