Kazi imeisha kabla ya miezi sita: bado kuna unachodai

SWALI: Niliajiriwa kama mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, tuko wafanyakazi saba tu. Bosi aliniita kwa simu nikiwa kwetu Morogoro. Mshahara ni shilingi 600,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki, mkataba wa maandishi sikupewa. Nimefanya miezi minne na siku kadhaa. Jumamosi jioni nikapokea ujumbe: "Jumatatu usije, kazi imeisha." Kosa hakulitaja. Sasa anasema hata siku tisa nilizofanya mwezi huu hanilipi, eti kuna mifuko ya saruji haionekani. Ndugu zangu wanasema chini ya miezi sita huna lako. Ni kweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana, dada. Ndugu zako wameshika nusu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, kweli inamzuia mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja asidai fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali. Lakini anachozuiwa ni dai hilo tu. Notisi, mshahara wa siku ulizofanya, nauli ya kurudi ulikoajiriwa na cheti cha utumishi havikuwekewa sharti la miezi sita. Wengi hukwama hapa: wanaandika kwenye fomu "nimefukuzwa isivyo halali", mwajiri anaweka pingamizi, shauri linatupwa, na fedha walizostahili zinapotea pamoja nalo. Wewe andika unachodai, kipengele kwa kipengele.

Tuanze na notisi. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi hupewa siku zisizopungua 28, kwa maandishi, zikiwa na sababu na tarehe. Asipotaka uzifanyie kazi, akulipe. Hesabu ya sheria hugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki: 600,000 inatoa 138,472. Siku 28 ni wiki nne, yaani 553,888. Ukigawanya ya wiki kwa siku sita za kazi unapata 23,079 kwa siku, na siku zako tisa ni 207,711. Jumla ni 761,599, kabla ya makato ya kodi na NSSF. Usidai likizo: asiyetimiza miezi 6 hana likizo ya malipo kisheria, labda kama mlikubaliana vingine.

Saruji sasa. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa hasara kwa kujisemea tu. Lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi kiasi na sababu, nawe ukubali deni kwa maandishi. Hata ukikubali, makato yasizidi robo ya ujira. Kuzuia mshahara wote, kama anavyotaka kufanya, hakuna njia ya kisheria. Usisaini karatasi yoyote ya "deni la saruji" kwa hofu.

Nauli ndiyo yenye ubishi mkubwa. Kama uliajiriwa Morogoro, anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako, au alipe gharama, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Atasema ulikuja Mwanza mwenyewe ukaomba kazi. Kwa hiyo hifadhi ujumbe wowote wa kuitwa kazini wenye tarehe, orodha ya simu zilizopigwa na tiketi ya basi. Miamala ya mshahara kwenye simu au benki nayo itoe. Kukosa mkataba kusikuvunje moyo: mwajiri akishindwa kuleta mahakamani maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania unakuwa wake.

Mwandikie kwanza barua fupi yenye hesabu hizo, mpe siku saba. Akinyamaza, nenda ofisi ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, palepale Mwanza. Halipwi chochote. Jaza Fomu Namba 1, mpelekee mwajiri nakala kwanza asaini kupokea (akikataa, itume kwa rejista ya posta utunze risiti), ndipo uiwasilishe. Dai la uhalali wa kuachishwa lina siku 30. Mengine, kama yako, yana siku 60. Ushauri wetu: fungua ndani ya 30, usimpe nafasi ya kubishana kuhusu tarehe. Na fungua kabla hujarudi Morogoro, maana shauri litasikilizwa Mwanza. Usikose siku ya usuluhishi, kwa kuwa mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa.

SWALI: Bosi wangu ananiambia niandike mwenyewe barua ya kuacha kazi ili "isinichafulie jina". Nina miezi mitatu. Niandike?

JIBU: Usiandike. Barua hiyo inakugeuza wewe kuwa uliyevunja mkataba: unapoteza malipo ya notisi, na yeye ndiye anaweza kukudai notisi. Jina lako linalindwa na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Vilevile ukiletewa karatasi ya "nimepokea haki zangu zote", hesabu fedha kwanza, kisha andika kwa mkono wako kiasi ulichopokea na ni cha nini: "Nimepokea 200,000, mshahara wa siku tisa." Piga picha kabla ya kuirudisha.