Swali la lugha: Utando, mpako au filamu?

Msomaji anayetafsiri maelezo ya kiufundi kuhusu skrini za mguso ameniandikia hivi: “Juu ya kioo cha skrini kuna kitu chembamba kisichoonekana kwa macho, nacho hupitisha umeme. Nimekikuta kikiitwa ‘filamu ya uwazi’, ‘mpako wa kondakta’ na ‘tabaka angavu’. Jina lipi ni sahihi? Nikisema ‘kinachopitisha mwanga na umeme’, je, nitakuwa nimeeleweka? Aidha, kipimo cha ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme, kimeandikwa omu kwa mraba, na mhariri wangu anashikilia kwamba iwe omu kwa mita ya mraba.”

Mimi ningeandika “utando angavu unaopitisha umeme”. Jina ni refu, lakini kila neno lililomo lina kazi yake.

Filamu tuiondoe mapema, kwa kuwa masikio ya msomaji wa Kiswahili yakisikia “filamu nyembamba” hukimbilia sinema au mkanda wa picha. Tabaka si kosa, ila ni neno linalotaka wenzake: hatusemi tabaka pasipo kufikiria lililo juu yake au lililo chini yake. Unapoeleza jinsi skrini ilivyopangwa, kwamba kuna kioo cha juu, kisha gundi, kisha sehemu inayohisi kidole, kisha sehemu inayotoa picha, sema matabaka bila wasiwasi. Unapozungumzia kile kitu chenyewe, asili yake na tabia yake, utando unafaa zaidi. Utando usichanganywe na protekta, ambayo mtu huinunua na kuibandika mwenyewe. Mafundi wa simu huita sehemu nzima inayohisi kidole “tachi”, nao husema “tachi imekufa” hata pale kioo kisipokuwa na ufa wowote. Katika mazungumzo neno hilo linatosha kabisa, ila halitutajii kile kilicholala juu ya kioo.

Utando umetokana na kitenzi tanda, ambacho hutumika kwa jambo linaloenea juu ya jingine na kulifunika: mawingu hutanda, giza hutanda, ukungu hutanda. Tunasema utando wa buibui, na mzee ambaye macho yake yamefifia tunasema yana utando. Katika mifano yote hii kitu ni chembamba, kimeenea, tena hakikupakwa na mtu. Hapo ndipo mpako unaposhindwa. Kupaka kunadai kitu cha majimaji au cha mafuta pamoja na mkono, brashi au kitambaa. Utando unaotumika zaidi kwenye skrini haupatikani kwa njia hiyo. Kioo huwekwa katika chumba kilichoondolewa hewa, bamba la kemikali hugongwa kwa chembe za gesi zenye chaji, atomi hubanduka kutoka kwenye bamba, zikaruka na kutua juu ya kioo hadi zikatanda kwa unene wa nanomita 100 au 200 hivi, wakati unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hakuna aliyepaka chochote. Hata hivyo, zipo tando zinazotengenezwa kwa kumiminika, kama zile za polima zinazopitisha umeme, na hizo ukiziita mipako hutakosea. Upako, kwa upande wake, uachie watu wa dini, maana siku hizi neno hilo likitajwa watu hufikiria madhabahu.

Kuna aina moja ya teknolojia hii ambayo hata utando hauifai. Watengenezaji wengine hutumia nyuzi za fedha nyembamba mno, zilizotupwa ovyo juu ya uso wa plastiki zikapishana na kugusana, na mwanga ukapita kwenye nafasi zilizobaki katikati. Huo ni mtandao, wala si utando, ingawa maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi kimoja. Angalia tu kwamba “nyuzi za fedha” isije ikasomeka kama habari ya pesa. Tangulia kutaja kwamba unazungumzia madini.

Sasa tuje kwenye angavu na uwazi. Dirisha likiwa wazi, upepo unaingia. Kwa hiyo anayeandika “kioo kilicho wazi” atamfanya msomaji anyooshe mkono akifunge. Uwazi nao umeshachukuliwa na wanaozungumzia utawala na hesabu za umma. Angavu lina kasoro yake pia, kwa sababu nyota angavu ni nyota inayong’aa, na utando wetu haung’ai. Lakini vitabu vya sayansi vimelizoea kwa maana ya kitu unachoweza kuona kilicho upande wa pili, na sioni sababu ya kuunda jingine. Ukihofia utata, eleza mara moja mwanzoni kwamba ni utando “unaoonyesha”, kama tunavyosema nguo fulani inaonyesha, kisha uendelee na angavu. Kisarufi waweza kuandika “utando mwangavu” kama tunavyosema “utando mwembamba”; wengi huliacha bila kiambishi, nami ni mmoja wao. Wingi ni tando angavu.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha zaidi. “Kinachopitisha mwanga na umeme” ni maneno ya kweli, lakini yanaficha jambo ambalo ndilo moyo wa kifaa. Mwanga na umeme havipiti njia moja. Mwanga huingia uso wa juu na kutokea uso wa chini, yaani hukatiza unene wa utando, safari ya sehemu ndogo sana ya milimita. Umeme haukatizi, husafiri ndani ya utando kwa urefu na kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa safari hizi mbili, na ni hasara kuvikunja viwe kimoja. Mwanga hupenya, kwa hiyo utando huupenyeza. Umeme hupita, kwa hiyo utando huupitisha. Ukishika tofauti hiyo, msomaji wako ataelewa bila kuelezwa sana kwa nini mtengenezaji hujikuta njia panda: akiongeza unene, umeme hupata njia pana na kupita kwa urahisi zaidi, lakini mwanga unaopenya hupungua. Tando nzuri hupenyeza zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoonekana na bado zikapitisha umeme wa kutosha.

Kondakta nimemkwepa kwa sababu ya wale wanaokusanya nauli. Tunalo neno kipitishi, na kinyume chake ni kihami. Kioo chenyewe ni kihami, na hapa upatanisho wa kisarufi una uzito wa kifizikia. Tazama sentensi hizi mbili: “utando wa kioo unaopitisha umeme” na “utando wa kioo kinachopitisha umeme”. Katika ya kwanza kinachopitisha ni utando. Katika ya pili ni kioo, na hilo ni uongo. Herufi chache za urejeshi zimebeba ukweli wote wa jambo. Vivyo hivyo katika vioo vya mbele vya ndege, ambavyo hupashwa joto ili barafu isigande: umeme hupita katika utando, utando ukapata moto na kukipasha kioo.

Hukuuliza kuhusu jina la kemikali inayounda utando unaotumika zaidi, lakini najua litakukuta mbele. Usiandike “oksidi ya indiamu na bati”, kana kwamba madini hayo mawili yamegawana nusu kwa nusu. Mchanganyiko wa kawaida una takriban asilimia 90 ya oksidi ya indiamu na 10 ya oksidi ya bati kwa uzito, kwa hiyo “oksidi ya indiamu iliyotiwa bati” inasema kweli zaidi. Bati hapa ni madini yenyewe, wala si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichofunikwa kwa zinki. Na kwa wapenda maneno: indiamu, iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1863, ilipewa jina kutokana na mstari wa rangi ya nili ulioonekana katika mwanga wake.

Mhariri wako, kwa heshima yake, amekosea. Mraba katika kipimo hiki ni umbo, si eneo. Chukua kipande cha utando chenye pande nne sawa, umeme uingie ukingo mmoja na kutokea ukingo unaoukabili. Ukirefusha kipande mara mbili, umeme una safari maradufu na ukinzani huongezeka maradufu. Ukikipanua nacho mara mbili, njia imeongezeka na ukinzani hurudi ulipokuwa. Umepata mraba mkubwa zaidi wenye ukinzani uleule. Ndiyo maana mraba wa sentimita moja na mraba wa mita moja wa utando uleule vyote vitasoma, tuseme, omu 10. Ukiongeza “mita” umebadilisha kipimo na kukiharibu. Tatizo ni kwamba sikio letu, kwa kuzoea “mita za mraba”, hujaza pengo lenyewe. Andika “omu 10 kwa kila mraba”. Hilo neno “kila” litamzuia mhariri anayefuata.