Akili Haina Jiwe la Mizani: Maswali Yenu na Majibu

Tangu yatoke matokeo ya darasa la saba, barua karibu zote zinazonifikia zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, mtihani unaweza kweli kupima akili ya mtu? Nimechagua maswali matano, na mengine nimeyafupisha.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu amepata D darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Lakini kila Jumamosi ananisaidia kuuza dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, na hajawahi kunipotezea hata shilingi mia. Baba yake anasema mtoto hana akili. Ni kweli? (Mama, Igogo)

Jibu: Marahaba, mama. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umetungwa ili kuona kama mtoto ameyashika yale yaliyofundishwa darasani, na kwa kazi hiyo una thamani yake. Kutoka hapo hadi kusema "hana akili" ni safari ndefu, ambayo baba yake ameimaliza kwa hatua moja.

Mwezi uliopita nilisimama Mwaloni nikimtazama kijana wa umri wa mwanao. Mteja alitaka visado vitatu na nusu vya dagaa, bei ikiwa shilingi 3,500 kwa kisado, akabembeleza hadi akapunguziwa mia mbili kwa kila kimoja, kisha akatoa 12,000. Kijana hakugusa simu. Vitatu ni 9,900, nusu ni 1,650, akarudisha chenji ya 450 huku mkono wa pili ukiwa umeshaanza kumpimia mteja mwingine. Hesabu hiyohiyo ukiiandika ubaoni kwa desimali, sina hakika kwamba angeipata. Watafiti walikwisha kulishuhudia jambo hili kwa watoto wachuuzi wa mji wa Recife nchini Brazil. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1985, watoto walijibu sahihi takribani asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa wakiwa kazini, lakini walipopewa hesabu za aina ileile zikiwa tarakimu tupu, walipata takribani asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, kwa hiyo tusizitumie asilimia hizo kama sheria ya dunia nzima. Hata hivyo zinatosha kumnyamazisha kidogo baba yake.

Nisikufiche lakini: kijana wako anahitaji pia hesabu ya kwenye karatasi, kwa sababu duniani wapo wanaolipa kwa karatasi. Mtafutie mahali pa kuisomea.

Swali: Mwalimu, tunasoma kwamba mtu wa kawaida ana IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, ya 100. Mia moja ya nini? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nyegezi)

Jibu: Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, nami nitakaa kidogo. Mizani ya samaki ina kitu cha kuiadabisha, nacho ni jiwe la kilo. Wakala wa Vipimo wakifika sokoni huliweka jiwe lao juu ya mizani, na mizani ikisoma gramu 900, hakuna anayelilaumu jiwe. Akili haina jiwe la namna hiyo. Hakuna kabati popote duniani lililohifadhiwa kipande cha akili ambacho vipimo vyote vitalinganishwa nacho.

Kwa kukosa jiwe, watungaji wa vipimo huwalinganisha watu kwa watu. Huwapa maswali yaleyale watu wengi wa rika moja, wastani wao wakauita 100, kisha wakazipanga alama ili takribani theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Kwa hiyo ile mia moja si kiasi cha kitu fulani kilichomo kichwani, bali ni nafasi ya mtu kwenye foleni ya wenzake, na ndiyo sababu kusema kwamba mwenye 140 ana akili mara mbili ya mwenye 70 ni sawa na kusema kwamba mtu wa kwanza kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga ni mrefu mara mbili ya wa pili.

Tena foleni yenyewe husogea. Mwaka 1984 James Flynn, msomi wa New Zealand, alionyesha kwamba alama za Wamarekani zilikuwa zikipanda kwa takribani 3 kila miaka kumi tangu miaka ya 1930, hivyo vipimo vikalazimika kusanifiwa upya ili wastani urudi kwenye 100. Tukiziamini alama hizo neno kwa neno, itabidi tuseme kwamba babu zao walikuwa wazito mno wa akili, na hilo haliaminiki. Kilichobadilika zaidi ni miaka ya kukaa shuleni, lishe, na mazoea ya kufikiri kwa maumbo na makundi ya kinadharia, yaani mambo yaleyale ambayo vipimo huyauliza.

Swali: Nimefanya kipimo cha akili kwenye simu nikapata 138. Nijivunie? (Baba, Ukerewe)

Jibu: Kama mwishoni waliomba pesa ili wakutumie cheti, umekwisha kujua walikuwa wanapima nini. Kipimo cha kweli kwa kawaida husimamiwa na mtaalamu wa saikolojia, ana kwa ana, na huchukua saa nzima au zaidi.

Swali: Kwa hiyo vipimo hivi ni ulaghai tu? (Mwalimu mwenzako, Magu)

Jibu: Hapana, mwalimu mwenzangu. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, na jambo hilo limeonekana tena na tena tangu wakati huo. Kuna kitu kinachonaswa; ugomvi uko kwenye jina lake na ukubwa wake. Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza mjini Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alitaka tu kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni, naye aliwapinga waziwazi waliodai kwamba akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Kifaa cha kumsaidia mtoto kikageuzwa na wengine kuwa muhuri wa kumpiga usoni.

Mfano wa karibu nasi uko ng'ambo ya Ziwa Victoria hilihili, katika kijiji cha Usenge upande wa Kenya. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa miti shamba, yaani dawa ipi inatibu nini na kwa kipimo gani, na katika matokeo ya mwaka 2001 wakaona kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati wa shule. Si kwamba dawa zinaua akili. Muda wa mtoto ni mmoja, na kila familia huuwekeza pale inapotarajia mavuno. Kundi lao pia lilifanya kazi na watoto wa vijiji vilivyo karibu na Bagamoyo, na huko watoto walipoelekezwa kwa muda usiozidi saa moja namna ya kuyakabili maswali, alama zao zilipanda. Kama alama inapanda kati ya asubuhi na mchana, tuwe wagumu kidogo kuiita kipaji cha kuzaliwa nacho.

Swali: Natafuta watunza stoo wawili. Niwape mtihani wa akili? (Mfanyabiashara, Ilemela)

Jibu: Vipimo hivyo hukisia kwa kiasi fulani nani atafanya kazi vizuri, hivyo hutakuwa umekosea sana. Ila wewe una bahati ambayo shule haina, kwa sababu kazi yenyewe unayo mkononi. Mpe kila mwombaji daftari, magunia kumi na mawili yenye uzito tofauti na hati mbili za kupokelea mzigo, moja ukiwa umeikosea kwa makusudi, kisha mwache peke yake kwa nusu saa.