Mapera yenye funza: anzia chini ya mti

Pole sana dada. Umesema mapera yako huko Muheza yanaanguka mvua zikishakolea, ukipasua unakuta funza weupe, na dawa umepuliza mara mbili bila nafuu. Huyo ni nzi wa matunda. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani, ndiyo maana dawa ya juu haimfikii funza. Lishike tunda uliangalie vizuri: utaona kitundu kama cha ncha ya sindano, na pembeni pamelainika.

Kazi kubwa iko chini ya mti. Funza akishiba hutoka, hujichimbia udongoni, kisha anarudi akiwa nzi. Okota yaliyoanguka kila siku, hata yanayoonekana mazima, uyafukie kwenye shimo la futi mbili. Tafadhali usiyafukie juujuu, nzi watatoka tu. Kuku nao waachie wapekue chini ya mti.

Mapera yakiwa bado madogo na magumu, yafunge kwa mifuko ya karatasi. Inachosha, lakini kwa miti yako sita inawezekana kabisa. Mitego mingi ya kivutio (harufu ya kuwavuta nzi) inayouzwa maduka ya pembejeo hunasa madume, na wanaotaga ni majike, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Na shirikisha jirani mwenye miembe, maana nzi ni walewale.