Desemba ya kwanza darasani: neno kwanza, mkasi baadaye

Kama ndiyo kwanza unaanza kufundisha Kiingereza kwa watoto wadogo na Krismasi inakaribia, najua utakachofanya, maana nami nilifanya hivyohivyo. Utakusanya picha za kila kinachonukia Krismasi: nyota, kengele, mshumaa, malaika, mti, zawadi, theluji, soksi. Utazibandika kwenye kadi, utasimama mbele na kunyanyua moja moja, na darasa zima litaitikia kwa sauti ya kutikisa madirisha. Utarudi nyumbani umeridhika. Mimi nilikuwa na kadi 24, moja kwa kila siku tangu tarehe 1 hadi mkesha. Januari nilipozinyanyua tena niliambulia "star" pamoja na "tree", ambayo nusu ya darasa waliiita "three".

Watoto hawakuwa na kosa. Katika wiki zote tatu hakuna hata mmoja aliyelihitaji neno lolote kati ya yale ili apate kitu anachokitaka. Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachopimia kila mchezo kabla sijauingiza darasani: je, mtoto anaweza kushinda bila kulisema neno wala kulielewa? Akiweza, huo ni mchezo wa mapumziko. Uache uwanjani.

Kipimo hiki hakina huruma, na michezo mingi tunayoipenda hukwama hapo. Chukua bingo. Ukinyanyua picha ya kengele huku unasema "bell", watoto wanalinganisha picha na picha, masikio yamelala. Ficha picha useme neno peke yake, mchezo unageuka papo hapo. Hata hivyo atakuwepo mjanja anayechungulia kwa jirani. Huyo mpe kazi ya kutangaza maneno. Wajanja hutangaza vizuri sana.

Sasa nije kwenye mkasi, kwa sababu hakuna kitu kinachomeza kipindi cha Kiingereza kama mkasi. Mara ya kwanza tulipotengeneza nyota za kupamba mti niligawa kila kitu mwanzoni: karatasi, gundi, kalamu za rangi, na mkasi mmoja kwa kila watoto wawili. Dakika 30 zilizofuata zilijaa bidii na mazungumzo, yote kwa Kiswahili, mengi yakihusu nani kachukua mkasi wa nani. Nyota zilitoka nzuri, na mwalimu mkuu alipopita alizisifu. Neno la Kiingereza nililolisikia siku hiyo lilikuwa "teacher".

Siku hizi vifaa vyote hukaa mezani kwangu, na meza hiyo ni duka ambalo fedha yake ni neno. Mtoto anayetaka karatasi nyekundu anakuja kusema "Red paper, please." Nampa kipande kimoja. Akitaka gundi, anarudi. Akisema "paper red" simkaripii, nainua karatasi, nauliza "Red paper?", nasubiri aliseme mwenyewe, ndipo namkabidhi. Nagawa kidogo kidogo kwa makusudi, kwa sababu ukimpa mtoto fungu zima umempa na ruhusa ya kunyamaza. Nyota moja humleta mezani mara nne au tano, na wakati anangoja zamu yake anasikia maombi ya wenzake. Sehemu kubwa ya kujifunza hufanyika palepale kwenye foleni.

Siku moja nilimweka msichana mmoja mkimya akae dukani badala yangu. Tangu mwaka uanze hakuwa amenifungulia mdomo. Mvulana wa kwanza alifika akasema "Glue" basi. Yule msichana aliificha chupa ya gundi mgongoni, akainamisha kichwa upande na kusema "Please?" kwa sauti yangu kabisa, mpaka nikaona haya jinsi ninavyosikika. Kama darasa ni kubwa, fungua maduka manne pembeni mwa chumba na wauzaji wapokezane. Na kama watoto ni wa miaka minne au mitano, zikate nyota mwenyewe usiku uliotangulia. Kazi ya kufundisha vidole vyao kukata ni muhimu, ila ina kipindi chake.

Hiyo "paper red" haikutokea hewani. Mtoto anayezungumza Kiswahili anakuja na sarufi yake kamili, na Krismasi huifichua vizuri. Kwetu sifa hufuata jina, nyota nyekundu, kwa hiyo "star red" kwake ni sahihi kabisa. Tena nyota moja na nyota tatu, kengele moja na kengele kumi: neno halibadiliki. Ndiyo maana utasikia "two star", "three bell", na usidhani mtoto hajui kuhesabu. Tofauti ya mshumaa na mishumaa iko mbele ya neno, nasi tunamtaka aisikie mkiani, kwenye "s" ndogo ya "candles" ambayo sikio lake halijazoea kuitafuta. Sikemei hilo kwa maelezo. Nacheza mchezo wa "Star or stars?": nasema moja kati ya hayo mawili nikiwa nimefumba macho, nao wananyanyua nyota moja au kiganja kizima cha nyota. Anayekosea anaona mwenyewe kwa kuwatazama wenzake. Dakika tatu kila siku zinatosha.

Kwa "he" na "she" jiandae kuvumilia zaidi, kwa kuwa yeye wetu ni mmoja kwa wote. Mariamu ataitwa "he" mpaka Pasaka.

Jambo la maandishi linahitaji tahadhari ya pekee. Mtoto aliyeanza kusoma Kiswahili amefundishwa kwamba herufi husema kweli, na kwa Kiswahili ni kweli. Ukimwandikia "angel" ubaoni kabla hajalisikia vya kutosha, atasoma kwa g ya gari. "Candle" atamalizia na e inayosikika. Na "Christmas" yenyewe ina t isiyotamkwa, kama ile ya "listen". Mtoto akiiona kwanza ataitamka, na kuifuta baadaye ni kazi. Kwa hiyo sikio kwanza, mdomo pili, macho mwisho. Katika darasa la chekechea siandiki kabisa.

Maneno mangapi? Nimeshuka kutoka 24 hadi manane kwa msimu mzima, na katika hayo manane matatu lazima yawe vitendo. Tukijisahau, sisi walimu hufundisha majina tu kwa sababu majina ndiyo yanayochoreka. Lakini Krismasi kwa mtoto ni kutundika, kufungua, kutoa, kuwasha, kuimba. Orodha yangu ya mwaka jana ilikuwa "star", "bell", "candle", "box", "red", "hang", "open", "give". Hakuna hata moja linalokufa tarehe 26. Sanduku lipo Machi, nyekundu ipo Julai, kufungua kupo kila siku mlango unapokwama. "Mistletoe" mwachie mwenye mmea huo. Theluji nitaifundisha kama iko kwenye hadithi tunayosoma, ila sitaisumbukia kwa watoto ambao hawataihitaji kabla ya kuwa watu wazima.

Kuna sababu nyingine ya kuchanganya majina na vitendo na rangi. Watafiti wa ujifunzaji wa lugha, Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997, walijaribu kufundisha maneno ya kubuni, wakaona kwamba maneno ya ukoo mmoja, kama vile nguo tupu au matunda matupu, yakifundishwa kwa mpigo hugombana kichwani na kuchelewa kushikwa. Tinkham aliona pia kwamba maneno yanayokutana katika tukio moja husaidiana. Darasani kwangu naliona hilo waziwazi: ukileta "red", "green" na "gold" siku moja, kesho yake kijani kinaitwa nyekundu. Ukileta nyota, nyekundu, kutundika na juu, kila neno linashika mkono wa mwenzake, kwa sababu kuna nyota moja nyekundu iliyotundikwa juu na kila mtoto aliiona ikipanda.

Mchezo ninaoutegemea kuliko yote umejengwa juu ya hilo. Watoto wawili wanakaa mgongo kwa mgongo. Kila mmoja ana mti uliochorwa kwenye karatasi na vipande vitano vilivyokatwa, vilevile kwa wote wawili. Wa kwanza anapanga mti wake jinsi apendavyo huku akimwagiza mwenzake: "Red star on top. Bell under the star." Wakimaliza wanageuka na kulinganisha miti. Hapo ndipo utasikia vilio na vicheko, hasa kengele inapokutwa imesimama kileleni na nyota iko chini ya shina. Usitumie gundi raundi ya kwanza, maana watataka kurudia. Nilipoanza niliuharibu mchezo huu kwa kuzunguka nikisahihisha matamshi. Niache kukudanganya: bado mdomo huniwasha. Lakini mti uliokosewa unasahihisha kuliko mimi, kwa kuwa mtoto anataka kujua kwa nini mwenzake hakumwelewa.

Mingine nitaitaja kwa haraka kwa sababu inajieleza. Vitu vitano kwenye sinia chini ya kitambaa, unaondoa kimoja, wanasema kilichopotea. Mfuko wa kupapasa, mkono ndani bila kuchungulia, "Is it a candle?" Kifurushi cha tabaka nyingi za magazeti kinachopitishwa kwa muziki, na kila tabaka lina kadi ya amri: "Give the bell to a friend." Hiki cha mwisho kina hatari moja. Ukiweka zawadi moja tu katikati, utamaliza kipindi na mshindi mmoja na machozi mengi. Weka kitu cha kugawana.

Amri zenye vitendo ni rafiki wa mtoto ambaye bado hajawa tayari kusema. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga mbinu nzima juu ya hilo miaka ya 1960: mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda, na kusema kunakuja wakati wake. "Open the box. Take the candle. Give it to me." Mtoto anayetenda sawasawa amekwisha kulielewa neno, hata kama midomo yake haijasogea. Usimlazimishe. Ila usimwache humo mwezi mzima. Mpe nafasi ya kuamuru wenzake, na hakuna mtoto anayekataa kuamuru.

Nyimbo nazo zina mtego wake. Watoto wanaweza kuimba beti nne wakiwa hawajui neno moja, na wazazi wakapiga makofi. Mimi husimamisha wimbo katikati kwa ghafla na kusema "Show me the bell." Mikono ikibaki hewani, narudi nyuma.

Shule nyingi zitakutaka uandae igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Usimpe mtoto mmoja maneno ya aya nzima akariri, huku thelathini wamesimama nyuma kama ukuta. Tafuta tukio linalojirudia lenyewe. Kwangu ni la kubisha hodi. Injili ya Luka inasema tu kwamba nafasi haikuwepo nyumba ya wageni, mwenye nyumba hatajwi popote, lakini jukwaani unaweza kuwa naye hata mara saba. Yusufu na Mariamu wanatembea mlango hadi mlango: "Can we come in?" Kila mlango ni kundi la watoto watatu au wanne, wanafungua kwa pamoja: "Sorry, no room!" na kufunga kwa kishindo. Wanapofika mlango wa mwisho hakuna mtoto ukumbini asiyejua sentensi zote mbili. Wiki moja baadaye nilimsikia mvulana akizitumia kwenye benchi la chakula kumzuia mwenzake asikae. Sikufurahia adabu, nilifurahia Kiingereza.

Uliza mapema ni watoto gani ambao nyumbani kwao hawaadhimishi Krismasi, na uulize kwa heshima, kwa mzazi na si mbele ya darasa. Katika orodha yangu ya maneno manane hakuna lililo la dini yoyote, na si bahati mbaya. Mtoto ambaye hataki kupamba mti anapamba dirisha kwa nyota zilezile, maagizo yaleyale. Wengine sherehe yao iko Januari 7, kama makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi, na hao ni neema kwako: una sababu ya kuyarudia maneno mkirudi.

Na lazima yarudi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi zaidi saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo neno la leo lirudi leo kabla ya kengele ya mwisho, kesho asubuhi, tena baada ya siku tatu, tena wiki ijayo. Halafu ndipo lije pengo refu la likizo.

Siku ya kwanza ya muhula, kabla ya salamu ndefu na kugawa madaftari, mimi huweka sinia mezani: nyota, kengele, mshumaa, sanduku, kitambaa juu. Naondoa kimoja na kunyamaza. Mwaka huu nilisubiri muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha yule msichana wa dukani akasema "Bell," akanyamaza, akaangalia sinia tena, akasema, "No. Two bells." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeondoa moja, na nyingine nilikuwa nimeisahau nyumbani.