Moyo Wangu Ulisimama, Nikaona Nuru: Je, Nilikufa?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, mimi ni mwanamume wa makamo. Miezi michache iliyopita nilipata mshtuko wa moyo, nikakimbizwa hospitali, na nilipofikishwa tu mapokezi moyo ukasimama. Naambiwa muuguzi alinikandamiza kifua mpaka mbavu mbili zikavunjika, nikashtuliwa kwa umeme, moyo ukaanza tena kupiga. Nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia na kulazwa kwa dawa za usingizi siku mbili kamili.

Katika hali ile nilijiona niko mahali penye nuru, sina maumivu wala hofu, na marehemu mama yangu amesimama ananitazama. Alininyooshea kiganja kama mtu anayemzuia mwenzake mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha swala kwa karibu miaka 12. Tangu nitoke hospitali sijaacha hata moja.

Je, nilikufa? Nilichokiona ni kweli, au ni jini kama asemavyo shemeji yangu? Jirani amemwambia mke wangu kuwa ndoa yetu imevunjika kwa sababu nilikufa. Watu wananialika nisimulie mbele za watu. Na swala zilizonipita nifanyeje? Lakini linaloniumiza zaidi ni hili: wiki za mwanzo nilikuwa nikilia kila nikisujudu. Sasa machozi yamekauka na moyo umekuwa mzito. Naogopa nisije nikawa mnafiki.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, namshukuru Allah aliyekubakizia pumzi, na namwomba akukamilishie afya yako. Nitaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa kuwa ndilo linalokukosesha raha. Hayo ya nuru, ndoa na jini yatapata zamu yake.

Hofu yako si ngeni. Imam Muslim amepokea kisa cha Hanzala (Radhiya Allahu anhu), mmoja wa waandishi wa Mtume. Alikutana na Abu Bakr, akaulizwa hali yake, akajibu, "Hanzala amekuwa mnafiki!" Abu Bakr akastaajabu: "Subhaanallah! Unasema nini?" Hanzala akaeleza kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume akiwakumbusha Moto na Pepo huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakishatoka na kurudi kwa wake zao, watoto wao na shughuli za riziki, mengi huwatoka. Abu Bakr hakumkemea. Alimwambia kuwa, wallahi, hata wao huwakuta hayo hayo. Wakaondoka wote wawili mpaka kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), naye akaapa kwamba lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake na katika dhikri, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao. Kisha akasema, "Lakini ewe Hanzala, saa na saa," yaani saa ya ibada na saa ya shughuli za maisha. Akalirudia mara tatu.

Hao ni watu waliokaa na Mtume ana kwa ana, na bado wakifika nyumbani ule moto wa moyoni ulipoa. Wewe ulikaa karibu na mauti, kisha ukarudi kwenye vidonge vya kila asubuhi, ankara ya hospitali, watoto na kazi. Moyo wa mwanadamu haukuumbwa kukaa siku zote mahali ulipokuwa ukiwa kitandani pale. Imam Bukhari amemnukuu Ibn Abi Mulayka, miongoni mwa Taabiina (kizazi kilichofuata baada ya Maswahaba), akisema kwamba aliwadiriki Maswahaba 30, wote wakiuogopa unafiki kwa nafsi zao. Na amepokea kutoka kwa Al-Hasan Al-Basri kwamba hauogopi ila muumini, na hajiaminishi nao ila mnafiki. Kwa hiyo hofu hiyo uliyoniandikia, mimi kwangu ni dalili njema.

Ipo hofu nyingine ambayo ningependa uwe nayo badala ya hiyo. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) anasema katika Surat Yunus, aya ya 12, kwa maana yake: mtu anapoguswa na dhara hutuomba akiwa amelala ubavu, au amekaa, au amesimama; tunapomwondolea dhara lake hupita kama kwamba hakutuomba kwa dhara lililomgusa. Wagonjwa wengi nimekaa nao, na aya hii huwa naiona kwa macho yangu. Mtu yumo katika mrija wa oksijeni anaweka nadhiri kumi, akipata nafuu wiki ya kwanza anaulizia kibla, wiki ya tatu anaulizia rimoti. Aya inamzungumzia anayepita na kuacha. Haikutaja machozi kukauka. Basi ujipime kwa swala ya Alfajiri. Ikiwa bado unaamka ukiwa mzito, huna hamu, huna chozi, na unatawadha na kusimama, basi uko pale unapotakiwa kuwa, na pengine swala hiyo nzito ina uzito zaidi katika mizani kuliko zile za kilio, kwa kuwa sasa huendeshwi na hofu ya jana. Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, ingawa ni ndogo. Usijipangie mambo makubwa kwa kuyafukuzia machozi yale. Shika faradhi tano, na juu yake chukua jambo moja dogo unaloliweza hata siku ya uchovu: ukurasa mmoja wa Qur-aan, au rakaa ya Witri kabla ya kulala.

Sasa la kufa. Hukufa, ndugu yangu. Mauti ambayo sharia inayajengea hukumu ni yale yasiyo na marejeo. Katika Surat Al-Muuminuun, aya ya 99 na 100, anayefikwa na mauti anaomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha, na jibu ni kalla, hapana. Mbele yao iko Barzakh, kizuizi baina ya kufa na kufufuliwa, mpaka siku watakayofufuliwa. Waliokufa kweli kisha wakarudi duniani, Qur-aan imewataja, kama yule aliyefishwa miaka 100 katika Surat Al-Baqarah, aya ya 259. Hizo zilikuwa ishara maalumu za Allah, na hatuwezi kumwingiza humo kila aliyesimama moyo. Wanazuoni wa zama zetu nao walilikalia jambo hili. Mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman, Jordan, lilipitisha kwamba mtu anahesabiwa amekufa ikiwa moyo na pumzi vimesimama kabisa na madaktari wakaamua kuwa hakuna marejeo, au ikiwa kazi zote za ubongo zimesimama kabisa, madaktari bingwa wakaamua kuwa hakuna marejeo na ubongo umeanza kuharibika. Moyo wako ulisimama, lakini marejeo yalikuwepo, na ndiyo maana yule muuguzi alikikandamiza kifua chako bila kungoja. Seli za ubongo huanza kuharibika baada ya takriban dakika 4 hadi 6 zikikosa oksijeni, na kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha kama sentimita 5. Kwa nguvu hiyo, mbavu kuvunjika si ajabu. Mtafute muuguzi huyo umshukuru. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

Kwa hiyo ndoa yako iko salama, mkeo ni mkeo, hakuna eda wala haja ya kufunga ndoa upya, na jirani aambiwe kwa upole asizungumze katika dini asilolijua.

Kuhusu ulichokiona, hapa nataka tuwe waangalifu pande zote mbili. Shemeji yako anasema ni jini, na hana dalili ya kusema hivyo. Nawe usiseme kwamba uliiona Pepo, kwa kuwa huna dalili vilevile. Allah anasema katika Surat Az-Zumar, aya ya 42, kwamba Yeye huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zisizokufa huzichukua katika usingizi wake. Huizuia ile aliyoihukumia mauti, na huirudisha nyingine mpaka muda maalumu. Kila usiku roho yako inakuwa mikononi Mwake na kila asubuhi unarudishiwa. Jinsi inavyokuwa katika hali hiyo ni katika elimu ambayo hatukupewa ila kidogo.

Madaktari nao wameyachunguza mambo haya. Utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2001 uliwahoji wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, na 62 kati yao walisimulia kuwa waliona au walihisi kitu. Wengine wote hawakukumbuka lolote. Na watu wa dini mbalimbali, hata wasio na dini, husimulia nuru na utulivu kama ulivyosimulia wewe. Zaidi ya hayo, ubongo uliokosa oksijeni, na dawa za usingizi wa siku mbili, vinaweza kuleta taswira nzito. Haya hayanitii wasiwasi, wala yasikutie wewe. Kama kilikuwa na sababu ndani ya ubongo, aliyeziumba sababu ni Allah, na tunda lake limekuwa kurudi kwako katika swala.

Hukumu yake ninaiweka karibu na hukumu ya ndoto. Njema inatoka kwa Allah, mtu huifurahia na kumshukuru Mola wake, lakini haithibitishi hukumu ya sharia, haimtolei mtu cheti cha Pepo, wala haijulishi hali ya maiti kwa yakini. Kwa mama yako tumdhanie mema na umwombee dua na kumtolea sadaka. Hayo yanamfikia kwa hakika kuliko tafsiri yoyote ya kile kiganja. Ninakuhimiza sana kwa hili: usiitundike imani yako kwenye nuru ile. Picha itafifia, yatakuja maswali, atakuja mtu mwerevu akueleze kila kitu kwa kemikali, na ikiwa swala yako imesimama juu ya picha itaanguka nayo. Isimamishe juu ya Kitabu cha Allah, ambacho kilikuwa haki hata katika ile miaka 12 usiposwali.

Kama unatafuta maana ya kubakizwa kwako, itafute katika hadithi ya Talha (Radhiya Allahu anhu) aliyoipokea Ibn Majah. Watu wawili walisilimu pamoja. Mmoja alikuwa na juhudi zaidi, akapigana, akafa shahidi. Wa pili akaishi mwaka mmoja zaidi kisha akafa. Talha akaota yuko kwenye mlango wa Pepo, akaitwa kwanza yule aliyekufa baadaye, ndipo akaitwa shahidi. Watu wakastaajabu. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akawauliza kama huyu hakuishi mwaka baada ya mwenzake, akaidiriki Ramadhani akafunga, na akasujudu sijida kadhaa wa kadhaa katika mwaka huo. Wakasema ndiyo. Akasema kwamba baina yao pana umbali mkubwa kuliko baina ya mbingu na ardhi. Mwaka mmoja tu, wa swala za kawaida na funga za kawaida! Hiyo ndiyo mali uliyopewa, na umekwisha kuanza kuitumia.

Kusimulia si haramu, na neema ya Allah hutajwa. Ila Mtume ameelekeza kwamba anayeota analolipenda asimsimulie ila ampendaye, na mimi ningekushauri ubaki hapo: mkeo, wanao, rafiki unayetaka arudi msikitini. Mbele ya umati ulimi hunogewa, kila kikao huongeza chumvi kidogo, na baada ya mwaka mtu hajui tena alichokiona ni kipi na alichokiongeza ni kipi. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (Radhiya Allahu anhuma) kwamba anayedai ndoto asiyoiota atalazimishwa kuzifunga pamoja punje mbili za shayiri, na hataweza. Ukisimulia, simulia kama ulivyoniandikia, kwa ufupi, usizidishe.

Tumebakiwa na swala zilizokupita. Za siku mbili ulizokuwa huna fahamu, kwa madhehebu ya Imam Shafii hazikulazimu kuzilipa, kwa kuwa wakati wake wote ulipita ukiwa umezimia kwa sababu isiyo ya dhambi. Mahanafi hawalazimishi muda huo ukizidi mchana na usiku mmoja, na Mahanbali wanalazimisha. Ni swala 10 tu. Zilipe ukae na amani. Ama za miaka 12, maimamu wa madhehebu manne wanaona ni deni, na wako wanazuoni, kama Ibn Taymiyya, walioona kwamba aliyeacha kwa makusudi hana kulipa bali atubie kwa kweli na akithirishe sunna. Mimi naegemea kauli ya jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi. Baada ya kila faradhi swali nyingine moja ya zamani ya jina lile lile, Adhuhuri kwa Adhuhuri, Alasiri kwa Alasiri, na ukipata nguvu fanya mbili. Ukifikwa na mauti kabla hujamaliza, umekufa ukiwa njiani, na Allah ni Mwingi wa kusamehe. Na kifua kikikuuma usijitese: Mtume alimwambia Imran bin Huswayn (Radhiya Allahu anhu) aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Swaumu za Ramadhani ulizoacha ni deni pia, lakini usianze kuzilipa kabla daktari wako hajakuruhusu kufunga ukiwa kwenye dawa hizo.

Na jambo moja hukuniuliza. Ulipofikishwa mapokezi siku ile, je, alikuwapo mtu anayejua unamdai nani na nani anakudai? Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Chukua karatasi usiku wa leo, mkeo akiwa pembeni, uandike majina na kiasi, pamoja na amana za watu zilizo mikononi mwako, kisha watie saini mashahidi wawili waadilifu.

Wallahu a'lam.